Watu wa Laini ya Tatu

Saa moja na dakika kumi jioni, siku ya Jumanne, mhadhiri wetu aliandika swali ubaoni: mzee wa kwenu angependa kuzikwa wapi, na kwa nini pale? Lilikuwa somo la kabila na utambulisho, darasa la jioni katika chuo kikuu hapa Thika. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili. Kwa muda mrefu nilikuwa nimejisomea peke yangu baada ya kazi ya kutunza stoo kiwandani, na nilidhani nimekuja chuoni kuchukua cheti cha mambo ninayoyajua tayari.

Kijana aliyeketi kando yangu alinigeukia. "Mzee, wewe utaandika wapi? Hiyo Kiswahili yako haionyeshi umetoka wapi."

"Kambini," nikamwambia.

"Kambi si kabila, buda."

"Kwetu ilikuwa."

Akacheka. Nami nikacheka kidogo, ingawa sikuwa nimefanya mzaha.

Mama alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la kahawa huko Ruiru, nami nikazaliwa hapo hapo. Baba yake alikuwa ametoka Kitui kuja kupalilia kahawa, na hakurudi. Nyumba za kambi zilipangwa kwa safu tulizoziita laini, na sisi tulikuwa laini ya tatu. Kushoto kwetu walikaa watu wa Murang'a, kulia watu wa Busia. Mtoto akilia, alinyamazishwa na mwanamke aliyekuwa karibu, kwa lugha yoyote iliyomjia mdomoni. Mama alinunua mboga kwa Kikuyu na kutugombeza kwa Kiswahili. Kikamba alijua salamu tu. Akiulizwa kabila ofisini alisema Mkamba, kwa kuwa ilibidi kusema kitu.

Baadaye shamba liliuzwa na kukatwa ploti, na leo pana maghorofa. Mama alihamia chumba cha kupanga mwendo mfupi kutoka pale. Nilimkuta Jumapili akichagua maharagwe, nikamuuliza swali la mhadhiri.

"Hiyo ndiyo shule mnalipia?" alisema. "Kuzika watu kabla hawajafa?"

"Ni kazi ya darasa, mama."

Akaendelea na maharagwe yake. "Basi andika Thika, makaburi ya mji. Watu wa laini wako pale."

"Na Kitui je?"

"Kitui nitaongea na nani? Watanisalimia, nitaitikia, halafu maneno yangu yataisha."

Niliandika insha yenye kueleza kwamba utambulisho wa mama ulijengwa na kazi na ujirani, wala si ukoo. Mhadhiri alinipa alama nzuri. Pembeni aliandika kwa kalamu nyekundu: Je, mama yako alijua unatafuta jibu gani? Swali hilo sikulipa uzito. Niliona ni aina ya jambo ambalo wahadhiri huandika wakikosa la kusahihisha.

Mama alifariki msimu wa mvua uliofuata. Mkutano wa mazishi ulifanyika nyumbani kwangu Theta. Mjomba, mtoto wa ndugu ya babu yangu, alikuja kutoka Kitui asubuhi hiyo, viatu vikiwa na matope. Alikuwa amemwona mama mara chache tu maishani, lakini alimlilia kwa dhati. Mwekahazina wa kamati yetu ya mazishi alikuwa tayari ameweka basi la Kitui katika bajeti.

"Mpwa wangu," mjomba alisema, "kaburi litachimbwa karibu na nyumba ya babu zako. Hatuombi pesa. Tunaomba dada yetu. Akizikwa makaburi ya mji, watu watasema hakuwa na kwao."

Nikamweleza alivyosema mama.

"Alikwambia lini? Alikuwa mgonjwa?"

"Hapana. Nilimuuliza kwa ajili ya kazi ya chuo."

"Mpwa, mama akiulizwa na mtoto wake anayesoma, si atajibu kile kitakachomsaidia kupita?"

Lilikuwa swali lile lile la kalamu nyekundu, na safari hii halikuhusu alama.

Bibi mmoja wa laini ya tatu, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, akaingilia. "Ngai, huyu mzee! Unadhani yule alikuwa mtu wa kufurahisha mtu? Mimi alinishika mkono nikijifungua, na hata hapo alikuwa akinigombeza."

Watu wakacheka, mjomba naye akacheka huku akifuta macho. Lakini kicheko hakikuthibitisha kitu. Nilibaki nikipima. Nikikosea kwa kumzika Thika, nitakuwa nimeukosea ukoo wa babu yangu. Nikikosea kwa kumpeleka Kitui, nitakuwa nimemkosea yeye, na atakaa huko peke yake na kosa langu. Ukoo ungeweza kunijia nyumbani na kunilaumu. Yeye hangeweza. Nikasema atazikwa Thika.

Mjomba hakubishana. Aliomba jambo moja tu: aombe yeye kaburini, kwa Kikamba. Tulimzika Ijumaa. Mjomba aliomba kwa muda mrefu, sauti ikikatika, na sisi watu wa kambi tuliinamisha vichwa bila kuelewa. Alipomaliza alimshika yule bibi mkono na kumwomba amwonyeshe watu wa laini walipolala. Wakatembea polepole kati ya misalaba, bibi akinyoosha kidole na kueleza nani alikaa mlango gani, mjomba akivua kofia mbele ya kila kaburi.

Jioni mwekahazina alitusomea hesabu. Basi la Kitui lilikuwa limefutwa. Tuliokoa shilingi elfu arobaini na mbili.