Paa Jekundu la Hóll

Eyvindur alikuwa na mazoea ya kupanda mlingotini kabla abiria hawajamaliza kuvaa yale maovaroli mazito yanayowafanya wote wafanane, wake kwa waume. Ujanani alivua samaki katika ghuba hii ya Húsavík; uzeeni alikuwa akiitafutia nyangumi mashua ya watalii ya Solrun, binti wa dada yake.

Alitafuta kwa njia ya wazee, kwa kupanga alama za nchi kavu kutoka baharini. Kanisa alilificha nyuma ya ghala la gatini, halafu paa jekundu la shamba la Hóll akalileta chini kabisa ya pengo la mlima. Hapo ndipo lilipo fungu, mahali bahari inapopungua kina. Penye fungu pana dagaa, penye dagaa pana ndege, na chini ya ndege ndiko anakokula mkubwa mwenyewe.

Sasa wiki nzima tangu msimu uanze walikuwa wanarudi mikono mitupu, na abiria wanapewa safari nyingine bure. Asubuhi ile Solrun alimwambia bila kumficha kwamba wakikosa tena, kesho mlingotini atapanda mtu mwingine.

Wakafika. Paa lilikuwa chini ya pengo, kanisa limejificha. Na maji yalikuwa meusi, matupu. Shakwe wawili watatu walielea tu kama wageni waliowahi sana harusini. Eyvindur alifumba macho, akafumbua, akapanga upya. Mambo yakawa yale yale. Akamkumbuka kaka yake, ambaye akili ilianza kumtoka hivi hivi, kidogo kidogo, mpaka siku moja akaenda kanisani amebeba mabuti ya kuvulia.

"Mjomba, tuko wapi?" Solrun aliuliza kutoka kwenye usukani. "Kipimo kinasema hapa kina kirefu mno."

Angeweza kuusingizia mkondo wa maji. Alishafanya hivyo juzi.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Paa lipo, mlima upo. Fungu ndilo silioni."

"Paa lipi?"

"La Hóll. Lile jekundu."

Solrun alitoka nje, akatazama nchi kavu kwa muda. "La Hóll ni la kijani, mjomba. Wenyewe walilipaka rangi tangu theluji ilipoyeyuka. Hilo jekundu ni la jirani, nyumba mpya ya wageni."

Eyvindur alicheka, mzigo ukamtua. Kumbe ni rangi tu. Akamlaumu kwa kutomwambia jambo kubwa kama hilo.

Solrun hakucheka. "Nikuambie nini, mjomba? Wewe ndiye uliyewashikia ngazi. Tukala chapati za maji na jemu pale pale uani."

Eyvindur alitazama lile paa la kijani. Akaitafuta ngazi kichwani mwake, akautafuta ua. Hakupata kitu.

Mashua iligeuzwa, paa la kijani likaingia chini ya pengo, na ndege wakaonekana wamejaa, wanajitupa majini kwa makelele. Nyangumi alitoa mgongo wake karibu sana, abiria wakalowa mvuke wa pumzi yake uliokuwa ukinuka samaki. Walishangilia. Yeye alielekeza kidole tu.

Aliposhuka, Solrun alimmiminia kahawa.

"Kesho utapanda wewe," alisema. "Ila kila asubuhi nitakuambia paa ni lipi. Usikasirike."

"Niambie," alijibu. Akapuliza kahawa. "Hizo chapati, nilizipenda?"

"Ulikula za watu wawili."

"Basi nilizipenda," alisema Eyvindur, na akageuka tena kutazama Hóll.