Divai Aliyokuwa Akileta Silvanus

Silvanus alipofariki, mkewe Lukresia hakulia. Hakulia makaburini, hakulia siku ya kuanua tanga, hata misa ya marehemu ilipita akiwa na macho makavu. Sisi majirani zake hapa Karatu, ambao midomo yetu haijui kupumzika, tukasema mama huyu ana roho ngumu. Baadaye akaanza kuonekana akitoka grosari na chupa kaificha ndani ya kitenge, nasi tukabadilisha maneno haraka sana. Kumbe mjane kaanza ulevi.

Kunywa alikuwa anakunywa kweli. Alichokuwa akikitafuta hakuna aliyemuuliza.

Silvanus alikuwa mhudumu wa mezani kwenye loji moja kule juu, njia ya kwenda geti la Ngorongoro. Aliwapakulia wageni chakula cha mchana, na jioni gari la wafanyakazi lilimshusha njia panda akiwa na kifuko begani. Ndani ya kifuko mlikuwa na chupa ya divai nyeupe, imejaa nusu. Wakakaa barazani, yeye kajikunyata kwenye koti kwa sababu ya baridi yetu hii, Lukresia akichambua mbaazi, na kati yao kikombe kimoja cha bati. Silvanus alionja kwanza, kama anavyoonja mwenyeji yeyote wa kwetu kabla ya kumpa mtu pombe, ili anayepewa ajue haina ubaya. Kisha akampa mkewe na kusema, "Kunywa, nimekuchagulia." Mafunda mawili matatu, basi, wakaingia kula. Hivyo ndivyo walivyoishi miaka nenda miaka rudi, mpaka figo zikamshinda.

Chupa ilikuwa ile ile siku zote. Asubuhi Silvanus aliondoka nayo tupu, jioni akarudi nayo ikiwa na kitu. Lukresia hakuwahi kuuliza. Mtu anakuletea, wewe utauliza nini?

Sasa chupa ilibaki kabatini, na Lukresia akashikwa na hofu ya kusahau. Sauti ya mumewe ilikuwa imeanza kumtoka masikioni. Akilala akajaribu kuisikia, haiji. Ladha ya divai ile tu ndiyo ilikuwa bado ulimini. Akajiambia, nikiipata, nikakaa nayo pale barazani, Silvanus hatapotea kabisa.

Akaipeleka chupa kwa Sabina, mwenye grosari. Sabina akasoma karatasi iliyobandikwa, akatikisa kichwa.

"Mama Emmanueli, hii ni ya watu wenye uwezo wao. Hapa hatuiagizi. Nikupe ya kunywa kila siku, isiyoumiza mfuko."

Akampa ya Dodoma. Lukresia akaonja nyumbani funda moja: tamu mno. Akarudi, akapewa ya Afrika Kusini, ile ya boksi: kavu, inakwaruza koo. Nyingine ilinukia nanasi lililolala. Kila moja aliionja, akaifunga, akaiweka kabatini. Sabina, Mungu ambariki kwa uvumilivu wake, akamuuliza taratibu, "Lakini mama, unataka tamu au kavu?"

"Nataka ile."

Maneno yetu yakafika Arusha kwa mwanawe. Emmanueli akapiga simu kwa ukali kidogo: "Mama, nasikia unakunywa." Lukresia akamweleza yote. Wiki iliyofuata kijana akatuma kwa basi chupa yenyewe, yenye karatasi ile ile. Lukresia aliifungua, akaonja. Ilikuwa divai nzuri, hata asiyejua divai angejua. Lakini haikuwa ile. Hapo akamkasirikia marehemu. Miaka yote hiyo, Silvanus, ulikuwa unaninywesha nini?

Jibu lilikuja na Modest, aliyehudumu na marehemu kule loji, siku alipopita kumjulia hali. Lukresia akamwekea chupa mezani. Modest akaitazama, kisha akatazama viatu vyake.

"Shemeji, yale yalikuwa mabaki," akasema. "Wageni wanakunywa, wanaacha kidogo kwenye chupa. Tuliambiwa tumwage. Silvanus alikuwa anayakusanya, nyeupe tu, maana alisema nyekundu inakuumiza kichwa."

Lukresia aliona aibu, halafu uchungu. "Na alikuwa ananiambia kanichagulia."

"Alikuwa anachagua kweli. Sisi tukishavua aproni tunakimbilia gari, yeye kasimama jikoni anaonja chupa moja moja. Iliyochachuka anamwaga. Kali sana anaichanganya na tamu. Tulikuwa tunamcheka. Anasema, huyu wa kwangu hapendi inayokwaruza."

Lukresia aliinuka, akafungua kabati, akatoa chupa zote alizozikataa, ya Dodoma, ya boksi, ya nanasi, hata ile ya mwanawe. Akaanza kuchanganya kwenye chupa ya Silvanus, kidogo hiki, kidogo kile, akinusa, akiongeza. Jua lilikuwa linashukia upande wa msitu. Wakatoka barazani, akamimina kwenye kikombe cha bati.

Modest, kwa adabu, akanyoosha mkono ili aonje kwanza.

"Acha, shemeji," Lukresia akasema.

Akakishika kikombe kwa mikono miwili, akangoja. Hata yeye hakujua anangoja nini. Modest alikohoa, akatazama barabarani. Mwishowe Lukresia, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akawa yeye wa kwanza kuonja kwenye kikombe kile.

Ilikuwa ile. Ile ile kabisa, haikupungua kitu. Akageuza uso kwenye kiti cha Silvanus, na kiti kilikuwa kitupu kama kilivyokuwa jana na juzi.

Ndipo akalia. Alilia mpaka tukamsikia huku kwetu, tukaacha sufuria motoni, tukaenda.