Mdogo Wangu na Sindano za Jumamosi

Watu wakiniuliza kwa nini nimeacha kuimba kwaya, nawaambia koo linauma. Uongo mtupu. Ninachoumwa ni hasira, na leo naitoa yote. Anayetaka kununa anune.

Mdogo wangu alikuwa anaishi nami mtaa wa Shirere, chumba cha nyuma, vyumba vingine nikiwapangisha wanafunzi. Alikuwa anafundisha chekechea. Ana mwili, ndiyo. Kwetu Mautuma sote tuna mwili, tumekula obusuma, ugali wetu, tangu tukiwa na jino moja, na hakuna aliyewahi kutuambia ni ugonjwa. Mchumba wake alimpenda hivyo hivyo alivyo. Harusi ya kanisani ikapangwa, na taabu ikaanza siku ya kujaribu gauni.

Gauni lilikuwa la kukodisha, kwa mama mmoja wa kanisani kwetu mwenye duka la maharusi mjini. Kwake unapata gauni, maua, vipodozi, mpaka keki. Zipu ilifika nusu ya mgongo, ikagoma. Mimi nikasema, si afungue mshono kidogo pale ubavuni? Yule mama akanitazama kama nimemwambia achinje ng'ombe wake wa maziwa.

"Gauni la kukodisha halifunguliwi mshono. Maharusi wengine watavaa nini?"

Basi, haki ya Mungu, badala ya kupanua gauni akaamua kumpunguza bibi harusi. Alifungua friji ndogo anamoweka maua, akatoa peni ya kudunga, sindano yenye umbo la kalamu. Dawa ya kupunguza mwili hiyo, ati Nairobi kila mtu anatumianga. Haikuwa na boksi wala karatasi ya maelezo. Nilipouliza karatasi iko wapi, akacheka.

"Yale maandishi madogo ni ya kukuharibia macho tu. Mnadunga tumboni mara moja kwa wiki, kwisha."

Hakumuuliza mdogo wangu kama ana ugonjwa wowote. Hakumuuliza kama kuna dawa nyingine anayokunywa, kama ana mimba, kama anataka kupata. Alimuuliza kitu kimoja: harusi ni lini?

Na mimi je? Mimi ndiye niliyeibeba ile peni mpaka nyumbani nikaiweka kwenye friji kando ya maziwa. Mdogo wangu alishindwa kujidunga, nikamwambia lete hapa, wewe mtoto wa nani unaogopa kitu kidogo hivi? Kila Jumamosi tukimaliza kufua, alikaa kitandani, akainua blauzi, nikamdunga. Tulikuwa tunacheka. Nilimwita bibi harusi wa kiuno cha nyigu.

Wiki za kwanza alipungua kweli. Halafu akaanza kutapika, asubuhi, mchana, akisikia tu harufu ya vitunguu vikikaangwa. Nikampigia yule mama simu.

"Akitapika ujue mafuta yanatoka," akasema. "Ongezeni dozi."

Nikaongeza. Mayi wee! Nimezaa watoto watatu mimi, na nilitapika kwa kila mmoja wao. Nikaona msichana anakimbia harufu ya vitunguu mbele ya macho yangu, nikaongeza dozi! Aliponiambia hajaona siku zake, nikamjibu kwamba mwili ukipungua haraka siku huruka. Nani aliniambia hivyo? Hakuna. Nilijitungia, nikasema kwa sauti ya mtu aliyesomea.

Sasa, kanisani kwetu kuna utaratibu. Mwezi mmoja kabla ya harusi, bibi harusi anapelekwa maabara kupimwa mimba, na majibu yanasomwa mbele ya kamati ya akina mama. Bwana harusi hapimwi chochote, wala haulizwi chochote. Mdogo wangu alienda bila wasiwasi, kwa sababu kwa siri alikuwa anameza vidonge vya kupanga uzazi, kila siku, hajaruka hata kimoja. Maabara ikamfungia majibu kwenye bahasha, ikapelekwa kanisani.

Akina mama wa kamati walikuwa wanne, wamekaa upande mmoja wa meza, chupa ya chai mbele yao. Na aliyeshika bahasha ni nani? Yule yule mama wa gauni! Mjumbe wa kamati! Ndiye aliyeifungua akasoma kwamba mdogo wangu ana mimba, na ndiye aliyetikisa kichwa kwa uchungu.

"Mwanangu, kwa nini ulituficha? Mficha uchi hazai."

Mdogo wangu akainama kuisoma karatasi mwenyewe. Alikuwa anasikia habari hiyo kwa mara ya kwanza, pamoja nao. Mimi nilikuwa nimeitwa kama msimamizi wa bibi harusi, kazi yangu kunyamaza na kushika leso. Damu ikanipanda, nikasimama.

"Mama, wewe ulimuuliza lini?" nikasema. "Hapa mmempima kwa ajili ya jina la kanisa. Kule dukani ulipompa dawa ya kuingia mwilini mwake, ulimuuliza?"

Mke wa pasta akataka kujua dawa gani. Nikasema yote. Mnadhani yule mama aliona haya? Alimshika mdogo wangu bega, akambembeleza.

"Usilie. Iache kwa sasa. Ukishajifungua uje tuanze tena, hata ukiwa unanyonyesha haina shida."

Ati haina shida! Kasomea wapi, kwenye keki? Mtu anayeogopa kugusa mshono wa gauni lake haogopi kugusa maziwa ya mtoto wa mwenzake! Nilimwambia hivyo hivyo, nikamshika mdogo wangu mkono, tukatoka. Harusi wakaifuta. Waifute. Mchumba alisema wataandikishana serikalini. Mimi nilikuwa nawaza kiumbe kilichomo tumboni.

Kesho yake tukaenda hospitali. Daktari alikuwa mwanamke kijana, na hakutugombeza. Alisema sindano iachwe leo hii. Dawa hizo wenye mimba hawapewi, na anayetaka kushika mimba huambiwa aache mapema, maana zinakaa mwilini kwa wiki nyingi. Akauliza ni dawa gani hasa. Tungejuaje, na peni haina hata boksi? Alieleza kwamba baadhi yake huchelewesha vitu tumboni, vidonge vya kupanga uzazi visifanye kazi sawasawa, na kutapika nako kunaharibu. Mdogo wangu akauliza kuhusu kunyonyesha.

"Hatujui vya kutosha kinachoingia kwenye maziwa," daktari akasema. "Na anayenyonyesha anahitaji kula, si kuzuiwa kula. Usidungwe na mtu kabla hujaja hapa."

"Mtoto ataumia?" nikauliza.

"Siwezi kuwaambia ataumia, na siwezi kuwaahidi kwamba hataumia. Tutamfuatilia kila kliniki."

Mpaka leo ninapoandika, mtoto hajazaliwa. Kila kliniki tunapokea neno hilo hilo, kwamba anaendelea vizuri, na kila tunapotoka mdogo wangu ananiuliza kama daktari alisema kwa uhakika au anatutuliza. Usiku halali vizuri. Mimi pia.

Siku ile ya kwanza, daktari alichukua faili ili aandike.

"Tangu ulipokosa siku zako, umedungwa mara ngapi?"

"Sita," mdogo wangu akasema.

Nikahesabu Jumamosi moyoni. Zilikuwa sita, na nne kati yake za dozi kubwa.

"Na nani alikuwa anakudunga?" Aliuliza bila ubaya wowote, kalamu iko juu ya karatasi.

Nikafungua mdomo. Mimi niliyesimama nikagombana na kamati nzima, sauti haikutoka.

"Nilikuwa najidunga mwenyewe," mdogo wangu akasema.

Daktari akaandika hivyo, na mimi nikamwacha aandike.