Majivu Yaliyochujwa kwa Shela

Kazini kwangu tunachoma pumba za mpunga ili tupate chembechembe za silika, madini yaliyomo pia kwenye mchanga, ndogo kuliko vumbi lolote unalolijua, bila kumwaga kemikali kali ardhini. Wageni wakija hushangaa. Mimi hucheka ndani ya barakoa, maana mafunzo ya kwanza niliyapata kwa mama, kule kwetu Matogoro.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Ushirika uliacha kutuletea dawa ya mahindi, lakini dumuzi, yule mdudu anayegeuza punje kuwa unga, hakuacha kuja. Na mahindi yale ndiyo ugali wetu mpaka mavuno mengine. Baba akanunua mnadani dawa ya kupimiwa, isiyo na lebo, kwa sababu ilinuka vibaya kuliko zote. Kwake yeye, dawa isiyotoa machozi si dawa.

Mama akataka majivu ya pumba, ambazo zilirundikana bure nyuma ya mashine mpya ya kukoboa mpunga. Wakabishana mpaka uji ukapoa. Mwisho wakagawana vihenge vya kuhifadhia mahindi: hiki cha baba, kile cha mama.

Mama alisema majivu yenye chenga ni ya kusugulia sufuria. Ya kumkwangua dumuzi ngozi mpaka akauke lazima yawe laini mpaka yapae ukiongea. Machekeche yote yalipitisha chenga. Ndipo akafungua sanduku, akatoa shela la harusi yake, akalifunga kwenye mdomo wa ndoo.

"Mama watoto!" baba akafoka. "Shela lililobarikiwa na padri?"

"Padri alibariki ndoa, baba. Shika ndoo."

Akashika, huku akinung'unika, nyusi zote zimepauka kwa majivu. Mama akayachanganya na mahindi ya kihenge chake; baba akatia dawa kwenye chake. Niliwapenda mno wote wawili siku ile.

Mvua zilipokolea, baba alifungua kihenge chake. Kikatoa unga na harufu. Akakaa kizingitini, nasi watoto tukaingiwa na hofu ya njaa kweli kweli. Mama akafungua chake. Punje zikagonga bakuli kama changarawe, na madumuzi yamekauka chini.

Baba alichukua kapu tupu, akaenda hadi jikoni, akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

Mtaani kwetu hakuna aliyewahi kusikia mume akimwamkia mkewe. Mama hakugeuka, aliendelea kukoroga mboga.

"Marahaba," akaitikia. "Kapu hilo dogo. Lete gunia."