Fremu za Bafuni kwa Květa

Ukimuuliza Květa Dohnalová kazi yake, atakuambia ni mstaafu, basi. Hatakuambia kwamba nusu ya droni zinazorushwa Jumapili kwenye machimbo ya mawe nje ya mji wa Prostějov, huko Ucheki, zimekatwa bafuni kwake. Ningekuwa yeye ningeliandika hilo mlangoni kwa rangi nyekundu.

Maisha yake yote alikuwa mkataji katika kiwanda cha suti. Mumewe Oldřich, dereva wa treni, alipostaafu alijiketisha kwenye kiti cha jikoni akawa anazeeka waziwazi, mpaka rafiki yao Radim alipomvisha miwani ya kurushia droni. Mzee akajiona yuko juu ya miti, na tangu hapo hakukaa kitako. Shida ni kwamba aliruka kwa pupa, na kila Jumapili alirudi na mfuko wa vipande vyeusi vya fremu ya kununua, ile mifupa ya droni. Siku moja Květa alishika mguu mmoja uliovunjika, ule unaobeba mota, akaugeuza dirishani. Nyuzi za kaboni zilikuwa zimepita mshazari. Nguo ukiikata hivyo inavutika. Mguu wa droni ukiukata hivyo unavunjika.

"Aliyekata hii hajawahi kukata hata suruali," alisema, akamtuma mumewe akanunue bamba zima la kaboni na mashine ndogo ya kukatia inayoongozwa na kompyuta.

Vumbi la kaboni ni baya, huwasha ngozi na kuingia mapafuni, kwa hiyo bamba hukatwa likiwa ndani ya maji. Květa alilaza ubao juu ya hodhi la kuogea, juu ya ubao akaweka trei ya maji na mashine yake. Hakuiwasha mpaka awe amepanga vipande vyote kama mtu anayepanga koti kwenye kitambaa cha bei: kila mguu ufuate uzi, kila pembe ibane kwenye pembe nyingine. Akimaliza, alisugua kingo kwa msasa na maji, kisha akapitisha kidole macho yamefumbwa, vile alivyokuwa akikagua mshono. Fremu yake ya kwanza kabisa ilikuwa pana kama ubao wa mkate na matundu yake yalienda upande. Oldřich aliitundika jikoni juu ya redio, akasema hiyo ni picha ya harusi yao ya pili.

Vuli ile vidole vya mzee vilianza kutetemeka. Daktari alimwambia ni umri tu, lakini neno hilo halikumfariji. Akatangaza kwamba ataruka mara ya mwisho siku ya Stefano, siku inayofuata Krismasi, chama chote cha warusha droni kikikutana machimboni, kisha miwani atampa Radim. Afadhali aondoke kabla hajachekwa. Květa hakubishana naye. Alikiogopa kile kiti cha jikoni kuliko alivyoogopa kitu kingine chochote, akaona dawa ni kumkatia fremu bora kuliko zote, pengine mzee akiionja ataghairi. Bamba nene lilikuwa limebaki moja, na maduka ya kaboni yalikuwa yamefungwa kwa sikukuu.

Sasa, katika nyumba nyingi za kule samaki wa Krismasi hununuliwa akiwa hai, akawekwa kwenye hodhi la kuogea mpaka siku yake ya kupikwa. Mashine ikiwa inakata mguu wa nne, Květa alitoka kuchemsha kahawa. Oldřich akaingia na samaki wake. Aliona hodhi chini ya ubao halina kitu, na kila mwaka samaki hukaa humo, basi akalijaza maji akamtia. Samaki alipiga mkia mara moja. Ubao uliruka, trei ikateleza, na kisu cha mashine kikaupasua mguu katikati.

Květa alimkuta mumewe amesimama na mikono ya sweta inachuruzika. Samaki ametulia kama si yeye.

"Nimezoea uvunje ukiruka," alisema. "Sasa unavunja hata kabla ya kuruka?"

"Ni samaki, mke wangu."

"Samaki hakuja kwa miguu yake."

Mzee akakaa ukingoni mwa hodhi. "Acha tu. Ilikuwa ya mwisho hata hivyo."

Hilo lilimuuma Květa kuliko bamba. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alipima mabaki, akaona yangetoa mguu wa mshazari tu, na yeye mshazari hakati. Akaenda jikoni, akaiangua ile fremu ya juu ya redio.

"Hiyo hapana," mzee alisema nyuma yake. "Hiyo ni ya kwanza."

"Unene ni uleule na uzi umenyooka. Inakula vumbi ukutani kama mtu fulani kabla hajapata miwani."

 Oldřich alikwenda kumhamishia samaki kwenye ndoo, na Květa akakata mguu wa nne kutoka kwenye fremu ile.

Siku ya Stefano theluji ilikuwa nyepesi. Oldřich aliruka kama mtu aliyebeba mayai. Alizunguka mbali na kila mti, akawa wa mwisho kumaliza mzunguko, akatua salama. Wenzake walimpigia makofi ya adabu. Květa aliikagua fremu, asiione hata alama moja, akavunjika moyo.

"Mbona hukugusa hata tawi?"

"Niliogopa kuvunja ule mguu wa ukutani."

"Na vidole?"

Mzee akafikiri. "Sikukumbuka kuviangalia."

Tayari alikuwa anamnyooshea Radim miwani. Radim, Mungu ambariki, alitia mikono mfukoni.

"Nisikilize, mzee," Květa alisema. "Sikuishusha ukutani ili uirudishe ukutani. Betri nyingine hii hapa. Karuke kama wewe."

Akaruka kama yeye. Alipita chini kwa chini kati ya miti, watu wakainama bila kutaka, mpaka mlio wa kupasuka ukasikika machimbo yote.  Kisha chini ya miwani mzee alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye theluji.

Květa alikwenda kuokota vipande. Mguu wa ile fremu ya kwanza ulikuwa umevunjika vibaya kuliko yote. Aliporudi, Oldřich alikuwa anaikunja miwani na kuitia kwenye begi lake mwenyewe.

"Maduka yakifunguliwa, nunua mabamba mawili," Květa alimwambia. "Na mwakani samaki tunanunua aliyekwisha kukatwa."