Zamzam na Mguu wa Kitwana

Zamzam amepanga nyumbani kwangu, mtaa wa Gerezani, tangu alipoajiriwa uuguzi kwenye zahanati moja ya Mchafukoge. Nyumba yangu ina vyumba sita na bomba moja, kwa hiyo siri haikai. Ndiyo maana nilishangaa alipoanza kuchota maji kabla ya alfajiri, akimkwepa jirani yake wa mlango wa pili, Maimuna, mkaanga samaki wa soko la Feri.

Hao walikuwa wakila sahani moja. Mtoto wa Maimuna, Kitwana, aliposhikwa na homa, Zamzam kwa ujirani alimpitisha bila foleni, akamdunga sindano ya tako peke yake, bila hata mwenzake wa kumshika. Mtoto akafurukuta. Kesho yake akawa anaburuta mguu.

Zamzam, tumpe haki yake, alikwenda mwenyewe kumwambia bosi kwamba sindano imegusa mshipa wa fahamu. Bosi akamwita wakili wa zahanati, Heriel, kijana wa viatu vinavyong'aa, naye akamfunga mdomo: "Ukisema neno, umekiri kosa. Ukiomba radhi, umekiri. Bima itatukataa, na leseni yako iage kabisa." Maimuna akaambiwa ni nguvu ya homa, itapita.

Hawa ndio wasomi wetu! Walipima kila neno, mguu wa mtoto hawakuupima.

Maimuna hakumshuku mtu. Alidhani ni shetani. Akamkanda mwanawe kwa mafuta, akamnywesha kombe, maji ya aya za Kurani. Kila akimkuta Zamzam uani alimuuliza, "Shoga, wewe ndiye mtaalamu. Mguu huu una nini?"

"Sijui, dada," Zamzam anajibu, kisha anajifungia chumbani, nami namsikia analia. Alijua mguu unataka daktari wa mishipa ya fahamu na mazoezi, tena mapema, kabla haujakonda. Mwezi ukapita hivyo, hadi akashindwa, akanieleza yote.

"Kariakoo wanauza kila kitu, mwanangu," nikamwambia, "mguu hawauzi."

"Bi Sitara, mama yangu ananitegemea mimi."

"Na huyo mtoto anamtegemea nani?"

Nilikuwa na hasira, sikumbembeleza. Asubuhi yake Maimuna alikuwa uani anaparua samaki. Zamzam akapiga magoti mbele yake, akasema yote, sindano na wakili na uongo wake mwenyewe. Maimuna aliendelea kuparua mpaka samaki akabaki hana ngozi. Kisha akanawa, akambeba mwanawe mgongoni, akatoka bila kuaga.

Alirudi jioni. Daktari wa mishipa amesema mguu utapata nguvu, lakini hautarudi kama zamani, maana umecheleweshwa. Hilo alilisema amesimama, mbele ya wapangaji wote. Halafu akaenda moja kwa moja akamweka Kitwana mapajani pa Zamzam.

"Mazoezi kutwa mara tatu," alisema. "Mimi nashinda Feri, na humu ndani anayejua kazi hiyo ni wewe. Utamfanyia. Na kesi nafungua kesho, usije ukachanganya mambo."

Zamzam akaitikia kwa kichwa, machozi yanamtiririka. Alipoushika ule mguu, mtoto aliiangalia mikono ya Zamzam, akapiga mayowe akimwita mama.

Maimuna alikuwa pale pale mlangoni. Hakumchukua.