Uchochoro wa Jeneza

Mwaka wa sabini na moja, nikiwa na miaka tisa, baba yangu alitoka asubuhi kwenda kupakua mizigo bandarini, na alasiri akarudishwa amelala. Magunia yalimporomokea ghalani. Hapo ndipo dhiki yangu ilipoanza. Nilikuwa darasa la tatu. La nne sikuliona. Ukikuta pahali nimeandika vibaya, soma hivyo hivyo, maana shule yangu ilikuwa mawe.

Siku ile watu walilia sana, lakini kilichonibaki kichwani ni kitu kidogo. Jeneza lilitoka mlango wa uani, likaingia uchochoroni, likafika kwenye kona ya nyumba ya jirani, na wale wanaume wanne wakapinda nalo bila kusimama, bila hata kiwiko kugusa ukuta. Nilidhani ni bahati. Haikuwa bahati. Kona ile ilikuwa imepimwa.

Nayakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita nimetoka kuzika, na mkono wangu wa kulia hadi sasa una kidonda. Nitakufikisha huko. Ngoja kwanza nikuonyeshe palivyokuwa.

Nyumba ilikuwa ya bibi, mzaa baba, hapa Mtopanga. Mama alikaa eda, ikaisha, akaolewa ng'ambo ya Likoni, nami nikabaki kwa bibi. Usifikirie Mtopanga ya leo, ukiinua kichwa ni nguo za watu zinakudondokea maji kutoka orofa ya sita. Ile ilikuwa minazi na mikorosho, na nyumba za udongo za vyumba sita, ukumbi katikati, paa la makuti. Ardhi ilikuwa ya bwana mmoja aliyekaa mjini. Ya kwetu ilikuwa nyumba tu. Asubuhi ulisikia mbuzi za kukunia nazi zikikwaruza nyumba hii na ile, na bibi akiniita. Ukiitwa unaitika "labeka," si "nini." Ukisema "nini" unapata kofi kwanza, maneno baadaye.

Mtu akitaka kujenga hakwenda ofisi yoyote. Alikwenda kwa mwalimu wetu wa chuo, yule aliyetusomesha Kurani na fimbo ya mpera kando. Mwalimu alikuja asubuhi, akatazama kamba zilizofungwa kwenye vigingi, kisha akaagiza jeneza la msikitini liletwe. Ndani likatiwa gunia la mchanga, likafunikwa shuka, na wanaume wanne wakalibeba mabegani, wakapita nalo baina ya kamba na nyumba ya pili, kona zote. Kiwiko kikigusa kamba, mwalimu alisema neno moja: "Rudi." Kigingi kinang'olewa, kinasogezwa nyuma, hata kama mwenye kujenga atapoteza nusu ya chumba. Sikumsikia mtu akibisha. Kila mmoja alijua lile gunia siku moja litakuwa yeye.

Palikuwa na muuza makaa mnene, tumbo lake linafika kabla yake. Huyo hakukosa kuitwa kubeba.

"Wewe ndiye ramani yetu," watu walimtania.

"Basi nilisheni," alijibu, "nisije nikakonda mkakosa njia!"

Mimi nilicheka siku moja hadi nikakaa chini. Bibi alinifinya sikio nikaona nyota mchana. Aliniambia, "Wacheka? Babako kapita hapa, na hakugusa ukuta."

Kisha ilikuja siku ya kukandika. Udongo mwekundu ulimwagwa uwanjani, wanawake wakapanga foleni na madebe ya maji kutoka kisimani, na sisi watoto kazi yetu ilikuwa kukanyaga. Udongo ule ulikuwa baridi, ulipenya baina ya vidole ukafika magotini, na tukianguka hakuna aliyetukemea. Wakubwa walirusha madonge kwenye fito, mmoja ndani mmoja nje, wakigombana kwa mizaha ni upande wa nani umenyooka. Adhuhuri chakula kilikuwa kwenye sinia, wali wa nazi na papa mkavu, tukala na udongo bado uko kwenye nyusi. Nyumba ilisimama kwa siku mbili, na hakuna mtu aliyeitwa mkandarasi.

Jirani, yule wa kwenye kona, alikuwa mjane aliyepika mahamri. Iliki yake ilikuamsha hata kama una homa. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya yetu, na ule uchochoro ndio uliokuwa njia yake ya kutokea barabarani. Yaliyopasuka au kuungua aliniwekea mimi, na mbaazi za chini ya sufuria. Nilipoanza kazi ya kubeba mawe timboni, mikono ikachanika, ni yeye aliyenipaka mafuta ya nazi ya moto. Sikusema asante, maana nilikuwa nauma meno nisilie. Alisema, "Lia, mwanangu, mimi sitamwambia mtu."

Kutoka kubeba mawe nilifika kukoroga zege, kutoka kukoroga nikashika mwiko, kutoka mwiko nikawa fundi mkuu. Majengo mengi unayoyaona Bamburi hadi Mjambere nimeyagusa kwa mkono huu. Bibi alipofariki nilikuwa nimeshaanza kumfuata yule bwana wa mjini, na baada ya miaka ya kwenda na kurudi akaniuzia ardhi. Mimi, mtoto wa darasa la tatu! Hakuna aliyenishika mkono, na sitajifanya mnyonge hapa ili nikupendeze. Nilijivuna, na nilikuwa na haki.

Nikabomoa nyumba ya bibi, nikajenga orofa nne.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penyewe. Ngazi ya jengo inakula nafasi. Ukiiweka ndani unapoteza chumba kimoja kila orofa. Mimi fundi, nalijua hilo. Nikaitoa nje, nikaishusha uchochoroni. Wala jeneza halikuletwa kupima. Mwalimu alikuwa ameshakufa, muuza makaa pia, na jeneza lilikuwa pale pale msikitini, hatua mia tu. Mtu wa kwenda kulichukua alikuwa mimi, na sikwenda. Ukuta nikaupiga plasta ya kokoto, ile ya kuparuza, watoto wasichore.

Jirani alitoka siku tuliyokuwa tukifungua mbao za ngazi. Alishazeeka, lakini mato yake yalikuwa mazima. Akaitazama juu hadi chini.

"Mwanangu, imekuwa nzuri. Na mimi utanipitisha ndia gani?"

"Mama, upande wa pili wa uchochoro si kiwanja kitupu?" nikamwambia. "Utapita kama bibi harusi."

Vibarua wangu wakacheka. Yeye akacheka nao kidogo, akarudi ndani. Baadaye kidogo akaniletea mahamri kwenye sahani, yamefunikwa kawa, kama kawaida, na mimi nikayala.

Miaka ikapita. Nyuma yake likapanda ghorofa, kushoto likapanda lingine, na nyumba yake ya udongo ikabaki chini kama kikombe kilichosahauliwa. Jua lilimfikia saa sita peke yake. Mwaka jana miguu ikakataa. Kila mtu mtaani alijua safari yake ijayo ya kutoka mle ndani itakuwa mabegani mwa watu. Na mwaka huo huo kile kiwanja kitupu kikanunuliwa. Ramani ikasema orofa tisa, hadi kwenye mstari wa ploti.

Tukaitwa mkutano kwenye uwanja wa shule. Mwenye kujenga hakuja. Alimtuma kijana wa ramani, helmeti nyeupe, ulimi mtamu. Nikasimama wa kwanza. Nikasema maji hayatoshi, vyoo vinafurika hata sasa, magari ya moto hayaingii. Kisha nikawaeleza habari ya jeneza na gunia la mchanga, na nikasema yuko mama mmoja pale nyuma ambaye njia yake inazibwa akiwa hai anatazama.

"Mzee wangu, shikamoo," akasema kijana wa ramani. "Mji unakua. Watu wakija kutafuta kazi walale wapi? Juu ya minazi?"

Kabla sijajibu akasimama mpangaji wangu, mama wa kutoka bara. "Mimi nalala na watoto wanne chumba kimoja, mzee, na chumba chenyewe ni chako. Wacha wajenge, labda bei ishuke!"

Watu wakapiga makofi. Na kijana mmoja nyuma, wa hawa wa kuegemea pikipiki, akapaza sauti: "Buda, na ile ngazi yako imekaa wapi? Si ndiyo ilianza kula njia?"

Uwanja mzima ukacheka. Hata wazee wenzangu. Nikamfuata kijana wa ramani kando, nikamwambia, "Nyinyi rudini futi tatu, na mimi nitaibomoa ngazi yangu. Wallahi nitaibomoa."

"Na wapangaji wako washuke kwa kamba, mzee?" Alitabasamu. "Karatasi zote zimeshapigwa muhuri. Ungesema zamani."

Zamani! Akaniacha na neno hilo. Wiki iliyofuata wakazungusha mabati, na bati la mwisho likasimama mkabala na ngazi yangu.

Jirani alifariki siku ya Alhamisi, baada ya adhuhuri. Wanawake wakamwosha, wakamkafini. Jeneza lilipokuja kutoka msikitini likaingia uchochoroni hatua nne, likagota. Wakalirudisha nyuma, wakalijaribu kwa ubavu. Likakataa. Mmoja akasema tulisimamishe. Mwingine akamwambia afunge mdomo, maiti hasimamishwi kama kabati. Nilileta nyundo kubwa, nakuapia, nikafika chini ya ngazi. Juu wamesimama watoto wa wapangaji, wameegemea reli, wananitazama. Nikaiweka chini. Walinzi wa kule kwenye mabati tukawaomba wafungue. Wakasema hawana ruhusa, na mwenye ruhusa hashiki simu.

Mwana wa marehemu akasema, "Basi atatoka kwa mkeka. Jeneza lisubiri barabarani."

Tukamfunga kwenye mkeka, tukambeba kwa mikono, mmoja nyuma ya mwingine kama wanaopitisha godoro. Nilishika upande wa kichwa, na hakuna aliyenizuia. Tulipofika kwenye ngazi ilibidi tumwinue na kumlaza ubavu, na mkeka ukaanza kuparuza kwenye plasta yangu ile. Nilisikia ukili wa mkeka ukikatika. Nikatia mkono wangu baina ya mkeka na ukuta.

"Mzee, toa mkono, utaumia," mwanawe akaniambia.

"Niache."

Tukasogea pole pole. Nilihesabu ngazi kwa mifupa ya vidole vyangu. Alikuwa mwepesi, mwenzangu, mwepesi kuliko gunia lolote la mchanga. Tulipotokea barabarani tukamlaza kwenye jeneza, na mtu akanipa leso nifunge mkono. Safari hii hapakuwa na wa kunipaka mafuta ya nazi.

Sasa nyumba yake ya udongo inaliwa na mchwa, na watoto wake wanazungumza na madalali. Kisima cha mtaa kimefukiwa. Hakuna tena anayekuna nazi kwa mbuzi. Kuna mashine za kukoroga zege kuanzia alfajiri. Kwa hawa vijana nikieleza habari ya muuza makaa, wanadhani nachekesha. Sisemi watu wasijengewe nyumba. Nimewajengea mimi mwenyewe, nimekula kwa kuwajengea. Ninachosema ni kwamba sisi tulikuwa na kipimo, na wa kwanza kukiacha msikitini bila kukitumia alikuwa fundi wa hapa hapa, aliyekula mahamri ya yule aliyemzibia.

Nimehamia chumba cha chini, upande wa nyuma, maana magoti hayapandi tena. Ninavyomiliki leo ni hivi: Jengo moja la orofa nne. Vyumba ishirini, vyote vina watu. Hati ya ploti, kwa jina langu. Matangi mawili ya maji juu ya paa. Mwiko wangu wa kwanza, mpini umefungwa waya. Nyundo kubwa moja. Ngazi ya zege, imara, haina ufa, nimeijenga mwenyewe. Na mlango wa chumba hiki, wa mvule, mmoja tu, unaofungukia uchochoroni.